Nani anaua transfoma za autiputi? Uzi kwa tunaofufua amplifaya za gitaa za valvu

Koili_Moto

Wakuu, habari za majukumu.

Nina Fender Deluxe Reverb mezani, toleo la Fullerton, California. Jamaa yangu aliirithi kwa mjomba wake aliyeishi Marekani, akaipakia kwenye kontena pamoja na friji na matairi. Transfoma ya autiputi, ile iliyo kati ya valvu na spika, ina mhuri wa 606-832. Kwa wasiojua: 606 ni namba ya kiwanda cha Schumacher, tarakimu inayofuata ni mwisho wa mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Kwa hiyo wiki ya 32, mwaka unaoishia na 8. Uso wa fedha na ule ukingo wa alumini kuzunguka kitambaa cha spika vinaniambia ni 1968, si 1978.

Zaidi ya miaka 50 na koili zake ni nzima. Ninayemuogopa kwenye hii kazi ni mimi mwenyewe.

Niwape kisa. Miaka ya nyuma nilikuwa nimetoka kwenye redio na amplifaya za transista, nikapewa amplifaya ndogo ya Kiingereza yenye valvu mbili za EL84. Nikatoa chesisi kwenye boksi, spika nikaiacha ukutani maana waya ulikuwa mfupi. Nikawasha. Volti nikapima, zote safi. Nikafanya tunachofanya wote, nikagusa gridi (mlango wa ishara kwenye valvu) kwa ncha ya bisibisi nisikie ule mngurumo. Spika haipo, lakini sauti nikaisikia! Transfoma yenyewe ilikuwa inaimba, kale kasauti kembamba kama mbu ndani ya kikombe. Nikaona maajabu, nikamuita na mwenzangu aje asikilize. Nikagusa tena. Mara "tap!", mwanga wa bluu kwenye soketi ya valvu, halafu harufu ya vanishi iliyoungua. Ile harufu ukiinusa mara moja huisahau.

Praimari (koili ya upande wa valvu) upande mmoja ikawa haisomi kitu. Transfoma ya 1963, imekufa mikononi mwangu kwa kukosa waya wa nusu mita.

Sasa nataka tuandike hapa kila mtu anachofanya kuilinda hiyo transfoma, kabla ya kuwasha na baada. Mimi naanza na utaratibu wangu.

Kwanza naifunga mzigo. Kabla ya kugusa swichi, kabla hata ya waya wa umeme kuingia ukutani, kwenye jeki ya spika pana spika au rezista ya ohm 8. Deluxe Reverb inatoa wati 22 hivi, kwa hiyo rezista iwe ya wati 50 kwenda juu na ifungwe kwenye bamba la alumini.

Pili, valvu zote nje. Nawasha kupitia taa ya siriz, globu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme. Ikimulika kidogo na kufifia, transfoma ya umeme iko hai. Ikibaki inawaka kama ya sebuleni, kuna shoti na hakuna cha kuendelea.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanaruka: pini ya 5. Kwenye soketi za 6V6, valvu za nguvu za Deluxe Reverb, pini ya 5 ndiyo gridi. Kabla valvu za nguvu hazijaingia, pini ya 5 ya soketi zote mbili lazima isome hasi. Kwenye Deluxe Reverb ni karibu volti 35 hasi, na bila valvu inaweza kuzidi kidogo. Ikisoma sifuri, au upande mmoja uko chini ya mwenzake, usiweke valvu. Ukiweka, anodi (bamba la ndani ya valvu linalopokea mkondo) itawaka nyekundu, na mkondo wote ule unapita kwenye waya mwembamba wa praimari.

Bayasi, yaani hiyo volti hasi, ikikosekana mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya viwili. Kapasita ya bayasi imekauka, ni ile ndogo ya maikrofaradi 25 kwa volti 50, au kapasita ya kuunganisha ya 0.1 inavujisha DC kutoka kwa valvu iliyotangulia. Ya bayasi mimi sijiulizi, naibadilisha siku ya kwanza. Na tafadhali: mguu wa chanya unakwenda kwenye chesisi. Bayasi ni hasi, kwa hiyo kapasita inakaa kinyume na zile nyingine zote humo ndani. Nimeshakuta imewekwa "sawasawa" na fundi mwenye nia njema.

Karibuni.

dogo_siriz

Mkuu Koili, samahani kama swali ni la kitoto. Mimi natengeneza sabufa na amplifaya za transista hapa mtaani. Kila siku nawasha bila spika, ndiyo usalama wenyewe, spika ya mteja haiungui. Tunachoogopa ni waya za spika kugusana. Kwa nini kwenye valvu iwe kinyume?

Nauliza kwa sababu kuna Deluxe Reverb nyingine nimeletewa mimi, na nimeshaiwasha bila spika. Mara mbili.

Koili_Moto

Dogo, hilo si swali la kitoto, ndilo swali lililoniua mimi.

Transista zinasukuma spika moja kwa moja. Ukitoa spika mkondo haupiti, kila kitu kinapumzika. Valvu haiwezi kusukuma ohm 8. Yenyewe inataka kuona maelfu. Kazi ya transfoma ni kuifanya spika ya ohm 8 ionekane kama ohm 6,600 hivi upande wa anodi: uwiano wa mizunguko ni karibu 28.7 kwa 1, zidisha kwa wenyewe halafu mara 8. Ukitoa spika, upande wa anodi unaonekana kama mlima usio na mwisho. Lakini valvu bado inasukuma mkondo, na mkondo kwenye koili haukubali kukatwa ghafla.

Umewahi kufunga koki ya maji kwa nguvu ukasikia bomba linagonga ukutani? Ndiyo hiyo. Maji yalikuwa na mwendo, umeyazuia, presha inapanda pale pale. Kwenye koili kinachopanda ni volti. Anodi iliyokuwa inacheza kwenye volti mia nne na kitu inaruka hadi elfu na zaidi, inatafuta pa kutokea. Inapata ama kati ya safu za praimari, ama kwenye soketi kati ya pini ya 3 na pini ya 2 iliyo jirani yake, hita.

Na kadiri unavyopiga gitaa kwa nguvu ndivyo hatari inavyozidi. Kuwasha bila spika na volumu sifuri, bila ishara yoyote, mara nyingi unapona. Swali ni wewe uligusa gridi au hukugusa?

dogo_siriz

Niligusa 😬

Mwana_Kilindini

Ndugu zangu, salamu kutoka Mombasa.

Dogo usikate tamaa. Fender walikuwa na akili: ile jeki kuu ya spika kwenye chesisi si jeki ya kawaida. Ukichomoa plagi inajishoti yenyewe, sekondari (koili ya upande wa spika) inafungwa kwenye ethi. Valvu zitapata taabu lakini koili inapona, maana shoti kwa transfoma hii ni afadhali mara mia kuliko uwazi. Kwa hiyo kama jeki yako ni ya asili, huenda hata hukuiumiza.

Shida ni kwamba amplifaya nyingi nilizofungua hapa jeki hiyo imeshabadilishwa, mtu kaweka ya kawaida ya dukani maana ile ya zamani ilikuwa na kutu. Hajui kwamba ametoa mlinzi getini. Ikague kwa mita, waya wa transfoma ukiwa umefunguliwa kwenye jeki: bila plagi, ncha na ethi lazima zisome sifuri.

Sasa mimi niongeze la kwetu pwani, maana Koili ameandika kama mtu anayeishi mahali pakavu. Huku adui wa transfoma ni chumvi. Praimari ya waya mwembamba kama unywele imefungwa kwenye karatasi, karatasi inakunywa unyevu, vanishi ikiwa na kitundu shaba inaota kijani. Amplifaya imekaa stoo miaka kumi nyuma ya hoteli, unaiwasha siku moja, inapiga vizuri robo saa, inakatika. Hakuna aliyekosea, ila yule aliyeiwasha bila kuikausha.

Mimi nafanya hivi. Chesisi inakaa juu ya globu ya wati 40 ndani ya boksi la karatasi siku tatu, nne. Halafu nachukua mega (kipimo cha insulesheni) ya wale mafundi wa nyumba, naiweka volti 500, napima kati ya praimari na chuma cha transfoma, kisha praimari na sekondari. Kwanza uzifungue waya zake zote kwenye saketi, msije mkapiga mega kwenye kapasita. Nikipata mamia ya megaohm, naendelea. Nikipata moja au mbili, inarudi kwenye boksi.

Na soketi ziangalieni kwa kioo cha kukuza. Palipowahi kuruka cheche panabaki mstari mweusi, ni kaboni. Kaboni inapitisha umeme. Usiikwangue, badilisha soketi.

Koili_Moto

Mwana Kilindini nimekubali, hilo la boksi nalichukua kama lilivyo.

Dogo, kabla ya kununua chochote fanya majaribio mawili, yote bila kuwasha. Ya kwanza ni mita kwenye ohm. Waya mwekundu ndio wa katikati, bluu na kahawia ndizo zinazokwenda kwenye anodi, pini za 3. Pima nyekundu na bluu, kisha nyekundu na kahawia. Yangu inasoma 118 na 131. Zisiposawazika usiogope, mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani kwa hiyo una waya mwingi zaidi. Kinachotisha ni upande mmoja kusoma mara mbili ya mwingine, au kutosoma kabisa.

Ila mita haioni mizunguko miwili mitatu iliyogusana, na hiyo inatosha kuifanya transfoma iwe taka. La pili ndilo linaloona. Vunja tester ya zamani ya bisibisi, toa kile kitaa chekundu cha neoni, bila ile rezista yake. Fungua transfoma kwenye saketi. Kitaa kifunge kati ya bluu na kahawia. Chukua betri ya volti 9, gusisha kwenye waya hizo hizo mbili sekunde moja, halafu achia. Pale unapoachia, kitaa kikipiga mwanga, koili ni nzima. Betri ya volti 9 imewasha neoni inayotaka volti 60, 70, 90! Ukiona giza tupu kila ukirudia, kuna mizunguko imegusana humo.

Shika waya kwa plastiki zake. Ukishika shaba kwa mikono miwili utapata jibu kwa vidole, na utaamini kila nilichosema kuhusu koki ya maji.

dogo_siriz

Nimefanya. Nyekundu na kahawia 124. Nyekundu na bluu hakuna kitu, mita inasema OL, yaani waya umekatika.

Neoni sikujaribu, hakuna haja.

Jeki ilikuwa ya kawaida. Mtu alishaibadilisha.

Solo_wa_Jumamosi

Duh, pole dogo.

Mimi si fundi, ni mpiga gitaa, nina swali la jukwaani. Tuna Twin Reverb ya bendi. Spika moja kati ya mbili imekufa. Niendelee kupiga na moja au nitaua hiyo transfoma mnayoililia?

Mzee_wa_Valvu

Solo, Twin ina spika mbili za ohm 8 sambamba, jumla ohm 4, na transfoma inategemea 4. Ikibaki moja unaipa 8. Kosa la mara mbili hivi, transfoma ya Fender inalivumilia, usitanue tu volumu. Ninachokuhofia ni hiyo spika iliyobaki, maana sasa inabeba mzigo wote wa valvu nne za 6L6 peke yake.

Kinachoua jukwaani si hicho. Ni waya. Wapiga gitaa mnatumia waya wa gitaa kama waya wa spika. Waya wa gitaa una uzi mmoja mwembamba katikati, umetengenezwa kubeba mnong'ono, si wati 85. Unapata moto, unakatika ndani ya plagi katikati ya wimbo, na mtu anaongeza volumu kwa sababu "imekuwa ndogo". Hapo ndipo transfoma inapokufa. Waya wa spika uwe kama waya wa taa, nyuzi mbili nene zilizolala pamoja.

Na wenye Marshall za zamani, kile kiteuzi cha ohm nyuma, cha kuzungusha au cha kuchomoa na kuchomeka, kikilegea ni sawa na kukata waya wa spika. Kisafishwe, na kisiguswe amplifaya ikiwa imewaka.

Dayodi_Tatu

Nashangaa uzi umefika hapa hakuna aliyetaja dayodi.

1N4007 tatu mfululizo kila upande. Kathodi ya mnyororo kwenye anodi ya valvu, anodi ya mnyororo kwenye ethi. Kila moja inahimili volti 1,000, tatu ni 3,000. Upande mmoja ukiruka juu, upande wa pili wa praimari unavutwa chini ya sifuri, maana ni koili moja kama mbao ya bembea. Dayodi inaukamata pale chini, kwa hiyo na wa juu hauwezi kuzidi mara mbili ya volti za saketi. Dayodi sita, bei ya soda, na haibadilishi sauti hata chembe kwa sababu kwenye kazi ya kawaida hazipitishi kitu.

Mimi nikiletewa amplifaya ya valvu hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Mzee_wa_Valvu

Kijana, dayodi ikifa inakufaje?

Dayodi_Tatu

Mara nyingi inashoti.

Mzee_wa_Valvu

Haya. Zikishoti tatu, au mbili na ya tatu ifuate, una waya wa moja kwa moja kutoka kwenye volti 415, kupitia nusu ya praimari, hadi ethi. Umeiwekea transfoma mlinzi anayeweza kuigeuka. Fender za miaka hiyo zina fyuzi moja tu, ya umeme wa ukutani, na kwenye Deluxe Reverb ni ampea 2. Mpaka ikatike, praimari imeshakuwa mkaa.

Dayodi_Tatu

Mzee nakuheshimu, lakini kwa hesabu hiyo hata valvu ikishoti ndani matokeo ni yale yale, na valvu zinashoti mara nyingi kuliko dayodi tatu mfululizo. Dawa yake ni fyuzi ya volti kubwa, si kuacha dayodi.

Mzee_wa_Valvu

Sasa umesema. Kama kuna fyuzi ya HT (hiyo volti kubwa), sina ugomvi na dayodi zako. Bila fyuzi hiyo, usizipandishe.

Ila fyuzi nayo ina mahali pake. Nimeona watu wanaiweka kwenye waya mwekundu wa transfoma ya autiputi peke yake. Ikikatika, anodi zinakosa volti lakini skrini (gridi za pili za valvu) bado zinazo, mkondo wote unahamia kwenye skrini, dakika chache zimeyeyuka. Wengine wanaiweka kwenye waya wa katikati wa HT unaokwenda ethi. Kwenye Deluxe Reverb bayasi inachukuliwa kutoka kwenye koili hiyo hiyo ya HT, ukikata njia yake ya ethi umeichanganya na bayasi. Mimi naweka mbili, moja kwenye kila mguu wa AC kabla ya GZ34 (valvu inayogeuza AC kuwa DC), pini ya 4 na pini ya 6. Hapo bado ni AC, cheche inajizima yenyewe. Milliampea 315 za pole zinatosha kwa 6V6 mbili.

Koili_Moto

Hili la fyuzi kwenye miguu ya GZ34 nimelifanya leo mchana. Sikutoboa chesisi, niliweka vishikio kwenye kipande cha ubao wa mica na kukifunga kwa skrubu iliyokuwepo. Mwenye mali akitaka kuirudisha ilivyotoka kiwandani ni dakika kumi.

Dayodi sijaweka. Jeki yake ya asili ipo na inashoti, na hii haitoki sebuleni. Ingekuwa ya kukodisha ukumbini ningeziweka. Hapo tutofautiane kwa amani.

Solo_wa_Jumamosi

Na mimi nimebadilisha waya. Ule wa zamani nilipoufungua plagi, uzi wa katikati ulikuwa umeshika kwa nywele tatu. Tatu!

dogo_siriz

Wakuu, kuna fundi wa kuwaindi mota hapa jirani, mzuri sana, pampu zote za mtaa anazisuka yeye. Anasema hii anaweza, nimpelekee tu hesabu ya mizunguko. Nimpe?

Mzee_wa_Valvu

Usimpe.

Si dharau kwa fundi. Mota ni masafa mamoja, hertz 50. Hii inatakiwa ipitishe kuanzia nyuzi nene hadi mlio wa kengele. Ndiyo maana praimari na sekondari zimegawanywa vipande na kupangwa tabaka kwa tabaka, kipande cha hii, kipande cha ile. Akikusukia praimari yote chini na sekondari yote juu, ohm zitakuwa sahihi na gitaa litasikika kama liko chini ya godoro. Na insulesheni kati ya tabaka ikiwa ya pampu, hujui itashika volti ngapi pale chord ya kwanza itakapopigwa kwa nguvu.

Halafu mabati. Deluxe ni push-pull (valvu mbili zinapokezana kusukuma), mabati ya E na I yanapishana bila nafasi. Champ, amplifaya nyingine ya Fender yenye 6V6 moja, mabati yake hayapishani, kuna pengo la karatasi, maana DC inapita upande mmoja tu na chuma kitalewa sumaku. Nimeona Champ imefungwa mabati kwa kupishanishwa na fundi nadhifu kabisa. Ilikuwa na sauti ya simu.

Toronto_Mswahili

Niko huku Kanada. Hammond, kiwanda cha hapa hapa, wana mfululizo wa 1750 uliotengenezwa mahsusi kuchukua nafasi za Fender, Marshall na Vox. Dogo, tafuta ya Deluxe Reverb ya ohm 8, kuna watu wanasafiri kila mwezi watakubebea. Na ile mfu usiitupe. Mnunuzi wa amplifaya ya zamani anataka kuiona hata ikiwa kwenye mfuko, ina mhuri wake.

Pia kuhusu taa ya siriz: taa za LED hazifanyi kazi hiyo. Lazima iwe ya nyuzi au ya halojeni.

Mwana_Kilindini

Na rezista za wati 50 za ohm 8 kama hampati, chukua hii. Jagi la umeme la kuchemshia maji, lile la wati 2,200 kwa volti 230, elementi yake ni ohm 24. Unganisha tatu sambamba, unapata 8. Majagi mabovu ya swichi yamejaa kila gengeni, elementi zake nzima. Kwa wati 22 hazipati hata joto la chai.

Koili_Moto

🤣 Mwana Kilindini nimepima la kwangu hapa jikoni: 24.3. Mke wangu ananiuliza jagi linafanya nini kwenye mita.

Taarifa ya mgonjwa wangu. Kapasita za chini ya kile kikofia nimebadilisha zote, nikaweka za volti 500. Za zamani zilikuwa 450, na koili ya HT ni volti 330 kila upande, kilele chake ni karibu 467 kabla valvu hazijaanza kunywa. Pini za 5 zimesoma hasi 38 na hasi 38. Rezista ya ohm 1 nimeweka kwenye kila kathodi, pini ya 8, milivolti ninazosoma ndizo milliampea. Valvu zimeingia, anodi 418, kila moja inakunywa 20. Mara 418 ni wati 8.4, asilimia 70 ya zile 12 za 6V6. Nimekaa gizani dakika ishirini nikiziangalia anodi. Nyeusi.

dogo_siriz

Wakuu nimerudi, wiki saba baadaye.

Transfoma mpya imefika, nimefunga kwa rangi zile zile: nyekundu katikati, bluu mahali pa bluu, kahawia mahali pa kahawia, kijani kwenye jeki ya kushoti (nimenunua ya kushoti!), nyeusi ethi. Majagi matatu yamefungwa. Pini za 5 hasi 36. Fyuzi mbili kama alivyosema Mzee. Nimeweka valvu, nikawasha na siriz, globu ikafifia vizuri.

Halafu nimetoa siriz, nikawasha moja kwa moja. Volumu sifuri, gitaa halipo. Transfoma inapiga kelele yenyewe, mlio mmoja mkali, na mita kwenye jeki ya spika inasoma volti 14 za AC! Nimezima haraka. Nimeshaua nyingine??

Mzee_wa_Valvu

Hujaua. Hizo ni wati 20 na ushee ndani ya majagi. Ungekuwa na spika ungekuwa kiziwi sasa hivi.

Kuna rezista ya ohm 820 inayorudisha sauti kutoka kwenye jeki hadi kwa valvu ya kugawa awamu. Inatakiwa irudi kinyume ili itulize. Transfoma mpya imesukwa upande tofauti na ya zamani, kwa hiyo inarudi ikiwa imenyooka, na amplifaya inajisukuma yenyewe. Zima, chomoa ukutani, toa chaji ya kapasita kwa rezista, upime zifike sifuri. Halafu badilisha bluu na kahawia tu. Usiguse kingine.

dogo_siriz

Nimebadilisha.

dogo_siriz

Kimya. Milivolti 4 kwenye majagi. Naweka spika.

Koili_Moto

Zima kwanza ndiyo uhamishe!

dogo_siriz

Nimezima mkuu, nimezima 😂 Solo, una gitaa la kuniazima jioni?

Solo_wa_Jumamosi

Ninalo. Waya wa spika nakuja nao pia.